Valvu ya Uzi Mwekundu

Nilikuwa natafuta kitambulisho cha Baba. Ukitaka kumpeleka mzazi kliniki ya masikio pale Meru mjini lazima uwe na kitambulisho chake, na wazazi wetu, nyinyi wa rika langu mnawajua, hawaweki karatasi muhimu mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angezitafuta. Nilipekua chini ya godoro. Nikapekua Biblia kubwa ukurasa kwa ukurasa. Nikapekua sanduku la bati la Mama mpaka nikakuta cheti changu cha ubatizo, ambacho nilikuwa nimeapa kwa watu kwamba kilipotea. Sina subira, wala sijawahi kujifanya ninayo, kwa hiyo nilipofika rafu ya juu nilikuwa tayari nagombana na vitu. Nikavuta mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia ulioshika kutu, nikaung'oa kifuniko kwa kijiko, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa sufu mbichi ya kondoo, bado na mafuta yake, na chini ya sufu, vumbi lililoungua.

Nikasimama pale na kijiko mkononi. Nina watoto wawili na kazi ya ofisi, watu huniita madam, lakini pale nilikuwa tena mtoto wa darasa la nne aliyeitwa mbele.

Baba alikuwa msaga unga pale Kiirua, sokoni, mashine ya posho mill ya kwanza ukitoka barabarani. Hivyo ndivyo watu walivyomjua. Lakini zamani, kabla hajaoa, alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli moja mjini, na bendi ilipovunjika kila mtu alijichukulia alichoweza kubeba. Mpiga ngoma alibeba viti. Baba alibeba amplifaya. Ilikuwa kitu kizito cha mbao iliyofunikwa ngozi bandia nyeusi, na spika yake kando, kubwa kuliko mimi. Ilikaa chumba cha mbele ambapo nyumba nyingine ziliweka kabati la vikombe. Mama aliitandika kitambaa cha kusuka juu, na kila jioni Baba alikikunja kitambaa hicho akakiweka kando, akafungua mgongo wa mashine kwa bisibisi.

Kila jioni, nasema. Akifunga posho mill saa kumi na moja, anakuja na unga kwenye kope, anakunywa chai akiwa amesimama, kisha anafungua. Hakuwa mtu wa kutulia na mimi nilirithi hilo lote bila kupunguziwa. Mama alikuwa akisema nyumba yake ina watu wawili ambao viti vimewakataa.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na valvu. Kwa wale waliokuta redio zimekwisha kuwa nyepesi, valvu ni kichupa cha kioo kilichofungwa pande zote, kimetolewa hewa, na ndani yake kuna vibati na nyaya nyembamba. Ukiwasha, uzi wa ndani unaanza kuwa mwekundu polepole, kisha vumbi lililo juu ya kioo linaungua, na chumba kinanukia namna ambayo sijakutana nayo mahali pengine. Kulikuwa na mbili kubwa nyuma, ambazo Baba hakuzigusa, na tatu ndogo mbele. Hizi ndogo ndizo zilizomkosesha usingizi. Alinieleza kwamba sauti ya kidole kwenye waya wa gitaa ni ndogo sana, ni ya mtu anayenong'ona, na valvu ya kwanza ndiyo inayoipokea na kuanza kuiinua. Ikiipokea vibaya, hizo nyingine zitakuza ubaya. Valvu kali itaifanya besi ikwaruze kabla hujaongeza sauti; valvu pole itaiacha safi lakini haina chumvi. Na mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zikiwa na namba moja, bado hazilii sawa.

Kwa hiyo alikuwa nazo kumi na kitu, alizokusanya kwa mafundi wa redio miaka nenda miaka rudi, na alizihifadhi ndani ya mkebe ule, zimelazwa kwenye sufu ya kondoo wa kutoka Timau. Kila moja aliifunga uzi wa kushonea kiunoni ili azitambue. Ya kijani ilikuwa pole. Ya njano ilikuwa kali. Ya uzi mweusi ilikuwa mbaya kabisa, ina mluzi: ukiigonga kwa penseli ikiwa imewashwa, spika inatoa mlio mwembamba kama kengele, na usipoigonga hujiongezea mluzi yenyewe juu ya kila noti. Baba alikuwa akizigonga zote kwa penseli moja baada ya nyingine, akinifundisha kusikiliza. Na ya uzi mwekundu ndiyo ilikuwa yenyewe. Sijui aliitoa wapi. Ilipokuwa mbele, besi ilikuwa nene na safi, na ukikaza kidole ilikatika kidogo pembeni, kama kiazi kilichoiva kikaanza kupasuka. Baba akiipata sauti hiyo alifumba macho akasema, "Hapo sasa."

Kitu kingine lazima nikiseme. Nyumbani tuliongea Kimeru, lakini Baba akishafungua mgongo wa amplifaya alibadilisha, akaongea Kiswahili. Kazi ile alifundishwa na fundi wa bendi aliyetoka mbali, na maneno yote ya kazi aliyapokea kwa Kiswahili. Mimi niliamini kwamba amplifaya haisikii Kimeru. Nikikaribia nilihakikisha nimepanga sentensi yangu kabla ya kufungua mdomo. Hata kuhesabu, maana kazi yangu rasmi ilikuwa kuhesabu hadi mia baada ya kuchomoa stima, kwa sababu umeme hubaki ndani na unaweza kuua mtu, nilihesabu kwa Kiswahili nikijua kwamba nikikosea namba moja umeme hautanielewa na Baba atakufa. Mtoto anayebeba jambo kama hilo kila jioni hawezi kuwa mtulivu.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne alibadilisha valvu kuliko wakati wowote. Alilalamika kwamba sauti imekosa mwanga. Hilo ndilo neno lake, mwanga. Alisema ni kama mtu ameifunika blanketi. Aliweka ya uzi mwekundu mbele, akabadilisha ya pili, akabadilisha ya tatu, akarudisha, akaongeza kitufe cha sauti za juu mpaka kikafika mwisho. Kisha ananigeukia. "Kagendo, hii iko sawa?" Na wakati huo ilikuwa sawa, ingawa kitufe kile kiliifanya iwe kali kidogo, na mimi nilijibu kweli. Aliongea kwa sauti ya juu mno, lakini hakuna aliyeshtuka. Watu wote wa posho mill huongea hivyo.

Siku niliyoua valvu ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa shambani akipandishia viazi udongo, Baba kazini, mimi nimetoka shule mapema kwa sababu walimu walikuwa na mkutano. Amplifaya ilikuwa mgongo wazi. Nilitaka tu kusikia ile kengele ya penseli, lakini nisikie nikiwa mimi mwenyewe ndiye fundi. Nikawasha. Nikangoja nyuzi ziwe nyekundu. Penseli yangu ilikuwa imebaki shuleni, nikachukua kijiko.

Juu ya kila valvu kuna ncha ndogo ya kioo, pale ilipozibwa baada ya kutolewa hewa. Kijiko kiligonga pale. Haikuvunjika kwa kishindo. Ilisema tu tik, ncha ikaruka ikaanguka mahali, na uzi wa ndani ukang'aa mara moja ukazima. Kisha nikaona kitu ambacho hata leo nikikieleza mikono yangu hutafuta cha kushika. Sehemu ya juu ya valvu ina rangi ya fedha upande wa ndani, inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Fedha ile ilianza kuwa nyeupe. Iliingia weupe taratibu kutoka juu ikishuka, mbele ya macho yangu, mpaka yote ikawa ya maziwa. Babu yangu alikuwa na jicho la namna hiyo kabla hajafa. Nikajua nimeipofusha, na nikajua nimeipofusha ile ya uzi mwekundu.

Nilichomoa stima nikahesabu hadi mia, mara mbili. Kisha nikafanya ujanja ambao ningewakuta wanangu wameufanya ningewapa adhabu ya mwezi mzima. Nikaitoa ile iliyokufa, nikaifungua uzi wake mwekundu. Nikatafuta ndani ya sufu nyingine yenye kimo kile kile na vibati vya umbo lile lile, na ya pekee iliyofanana ilikuwa ya uzi mweusi, ile ya mluzi. Nikaivua uzi mweusi nikautupa motoni. Nikaivalisha uzi mwekundu, fundo kwa fundo, nikaisimamisha mahali pa kwanza. Ile nyeupe niliizika shambani, mwisho wa mstari wa tatu wa viazi, karibu na kisiki cha mti wa mukima.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie Baba alikuwa na tabia gani. Hakuwahi kumuuliza mtoto kosa lake. Kuna wakati niliiba sukari. Kwa siku tatu, kila tulipoketi kunywa chai, alichukua bakuli la sukari akaliweka mbele yangu, tu hivyo, akaendelea na hadithi zake na Mama. Siku ya tatu nililia mwenyewe nikakiri. Ndivyo alivyotulea. Aliamini kosa lililoachwa mezani litajisema.

Jioni ile alifika, akanywa chai amesimama, akawasha. Nilikaa mlangoni, mguu mmoja nje. Akapiga noti ya kwanza na mluzi ukaja juu yake, mwembamba, mrefu, ukaendelea hata noti ilipokwisha. Nilihisi kwenye meno. Baba akapiga nyingine, na nyingine. Akafumba macho.

"Hapo sasa," akasema.

Nikajua. Nikajua anajua. Mtu anayetofautisha valvu mbili za namba moja, hawezi kukosa kusikia kitu kama kile. Alikuwa ameniwekea bakuli la sukari mbele, na atalirudisha kila jioni mpaka nilie.

Na kweli alilirudisha. "Kagendo, hii iko sawa?" aliniuliza siku ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata, akinitazama usoni sana, karibu aniinamie. Mimi nilisema, "Iko sawa, Baba." Safari hii nilikuwa nimeamua kutolia. Nilikuwa na miaka tisa na nilichoka kukiri. Aliongeza kitufe cha sauti za juu, mluzi ukaongezeka, akauliza tena, nikajibu vile vile. Nilikuwa nakula kucha mpaka damu. Shuleni niliitwa mara mbili kwa kutikisa dawati. Usiku ukifika nilikuwa nimechoka kama niliyelima, na asubuhi nilianza upya kumwogopa mtu ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Baba wakati huo ndiye aliyekuwa mpiga besi wa kanisani. Ilikuwa furaha yake ya wiki. Nguo za Jumapili alizipiga pasi mwenyewe. Lakini kulikuwa na mwalimu wa kwaya, kijana mwenye bidii, aliyekuwa amepata kinanda cha umeme, na kinanda hicho, alimweleza kila aliyesimama kumsikiliza, kina besi yake ndani. Watu walimwambia Baba kwa utani kwamba mkono wa kushoto wa yule kijana utamfukuza kazi. Baba alicheka lakini jioni hizo alifungua mashine kwa haraka zaidi. Ilikuwa inakuja harambee ya paa, kwaya za makanisa mengine zitakuja, na ilijulikana kwamba baada ya siku hiyo wazee wataamua wabaki na besi ya Baba au kinanda. Nililijua hilo. Nataka msione kama sikujua.

Jumamosi kabla ya harambee alinisimamisha katikati ya chumba, akaenda nyuma ya spika, akapiga wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Mluzi ulikuwa juu ya kila noti. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Alinukia unga.

"Kagendo, usinidanganye. Kesho ni kesho. Hii iko sawa?"

Ningesema. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga kwa Kiswahili. Lakini nilifikiri kwamba ndiyo hapa mtego wenyewe, na kwamba nikikubali sasa, baada ya kukana wiki zote zile, sitakuwa mwizi wa sukari tena bali kitu kisicho na jina. Nikamtazama machoni.

"Iko sawa, Baba. Ni nzuri sana."

Alinipiga bega kidogo, akasimama akiwa amefurahi.

Kanisani tuliketi mbele, watoto wa Sunday school, chini kwenye mkeka. Amplifaya ilikuwa imeletwa kwa mkokoteni na kuwekwa karibu na madhabahu. Wageni walijaa mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Baba akapiga. Nyumbani mluzi ulikuwa mwembamba, lakini mle kanisani, chini ya mabati, na sauti ikiwa imeongezwa, ulipanda ukawa yowe. Mtoto mchanga nyuma alianza kulia. Mama mmoja wa kwaya ya wageni aliziba sikio moja, kisha akaona aibu akaliachia, kisha akaziba yote mawili. Waimbaji walipotea. Mwalimu wa kwaya alimpungia Baba mkono apunguze, na Baba, ambaye alidhani anaombwa aongeze, aliongeza. Alikuwa akitabasamu. Macho ameyafumba, mguu unapiga sakafu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hatimaye amepata alichokuwa akikitafuta. Alipofumbua macho akakuta watu wanamtazama vile, alinitafuta mimi pale kwenye mkeka. Mimi niliangalia chini nikahesabu. Nilihesabu hadi mia, na nilipoinua uso wimbo ulikuwa umekatwa katikati, na kinanda kilikuwa kinapiga.

Baadaye mwalimu wa kwaya alimfuata nje, kwa heshima, sina la kumlaumu. Alimwambia, "Baba Kagendo, hiyo kitu yako inapiga yowe. Si ungetuambia imeharibika?" Baba alimwuliza yowe gani. Yule kijana akafikiri anatania, akacheka, akamwambia basi apumzike kidogo, kinanda kitasaidia. Tulirudi nyumbani nyuma ya mkokoteni. Nilisubiri anirukie, na hakuniangalia hata mara moja. Huyu mtu ana moyo gani, niliwaza, yuko tayari kuaibika mbele ya makanisa mazima ili mimi nikiri tu. Nilimchukia kidogo siku ile. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Hata hivyo hakukata tamaa mara moja. Alifungua mashine, akabadilisha ya pili na ya tatu, akakagua nyaya. Ile ya kwanza hakuigusa, maana ilikuwa na uzi mwekundu. Aliendelea kuniuliza, nami niliendelea. Kisha viazi vikakomaa.

Nilikuwa nimepanga kwamba siku ya kuvuna nitakuwa wa kwanza kwenye mstari wa tatu. Lakini mnunuzi alileta lori siku moja kabla, nikiwa shuleni, na Baba alifunga posho mill akaenda kumsaidia Mama kuchimba. Niliporudi nilikuta udongo umegeuzwa mpaka kwenye kisiki. Lori lilikuwa limeondoka. Baba alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, mikono ina udongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ametulia kabisa. Sikupenda kumwona hivyo. Nilimwamkia, akaniangalia, akasema nikale.

Kesho yake gitaa lilipanda juu ya msumari, amplifaya ikafunikwa gunia, na kitambaa cha Mama kikarudi juu ya gunia. Hakupiga tena. Hakunionyesha bakuli la sukari tena, wala hakuniuliza tena kama kitu chochote kiko sawa, na nyumba ikawa na jioni ndefu ambazo hakuna aliyejua azifanyie nini. Mimi niliamini ni harambee iliyomvunja, yaani ni mimi. Na juu ya hilo nilikuwa na hofu nyingine, ya kitoto kabisa. Nilichimba mwisho wa mstari wa tatu kwa mikono, mara nyingi, nisiipate, nikajua imeingia kwenye gunia, imeenda na lori. Kwa miezi mingi kila lori lililosimama sokoni nilijificha nyuma ya vibanda vya vitunguu, nikingoja dereva ashuke na kile kitu cheupe mkononi aanze kuuliza ni cha mtoto wa nani.

Nimekua hivyo. Mpaka leo mtu akiniuliza kama kitu kiko sawa, hata mume wangu akiuliza juu ya tai yake, jasho linanitoka na naanza kutafuta mlango. Masikio ya Baba yaliendelea kufifia, na wote tulisema ni uzee na ni posho mill. Lakini mimi sikuwahi kukaa chini nikahesabu yalianza lini.

Basi nikaweka kijiko chini, nikatia mkono ndani ya mkebe. Sufu ilikuwa imekuwa ya manjano na imeshikana. Nikazitoa moja moja, ya kijani, ya njano. Chini kabisa, ikiwa imezungushiwa sufu yake peke yake, kulikuwa na moja isiyo na uzi. Ilikuwa imekatika ncha, nyeupe juu kama maziwa, na kwenye mizizi yake, katikati ya zile pini za kuchomekea, udongo mwekundu mkavu.

Nilitoka nayo uani. Baba alikuwa ameketi kwenye jua akipukuchua maharagwe kwenye ungo. Sikutafuta njia nzuri. Niliiweka katikati ya maharagwe.

Aliisukuma kidogo kwa kidole, akaigeuza.

"Ulijua?" nikamwuliza kwa Kiswahili. Alitega sikio. Nikapaza, "Baba, ulijua?"

"Siku ya viazi," akasema. "Nilifikiri ni kiazi ndogo, nikashika na mkono." Akaiinua kwenye mwanga. "Nikakaa hapo kwa gunia. Nikasema, kama hii iko hapa, sasa ni gani nimekuwa nikipiga? Miezi mitatu nasema ndio hii. Hapo nikajua amplifaya haina shida."

Niliketi chini kwenye majani. Yote niliyokuwa nimeyajenga tangu darasa la nne yaliniangukia moja moja. Hakuwa akinitega. Alikuwa akiniuliza. Alikuwa anapoteza masikio, na hakumwambia mtu, na akaazima yangu, na kila jioni nilimrudishia uongo. Nililia, mwanamke mzima, mbele ya kuku. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakuuliza ile kitu imefikaje shambani. Ilibidi nirudie mara mbili.

"Ningekuuliza nini?" akasema. "Ungeniambia iko sawa."

Hakusema kwa ukali. Alirudi kwenye maharagwe, akapukuchua matatu au manne kwa vidole vyake virefu vile, kisha akaacha.

"Lakini nimekaa nikifikiria. Hii miaka yote," akasema. "Hiyo siku ya harambee. Mimi nilisikia vizuri tu. Ilikuwa inalia aje?"

"Vibaya," nikasema.

"Nini?"

Nikavuta pumzi. Jirani alikuwa anaanika nguo, na watu walikuwa wanapita barabarani wakielekea sokoni.

"Ilikuwa mbaya, Baba! Ilikuwa mbaya sana! Watu waliziba masikio!"

Mama alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Ni nini iko mbaya?" akauliza, na jirani naye akageuka. Baba alikuwa akinitazama usoni, karibu sana, jinsi alivyokuwa akinitazama zamani na mimi nikadhani ananipeleleza. Kisha akafumba macho.

"Hapo sasa," akasema.